Chonga, chapa, kisha andika jina lako

Nimewaandikia hasa wasichana na kina mama wa Dar es Salaam wanaotaka kutengeneza picha za chapa nyumbani, bila mashine. Wanaume mnakaribishwa, kazi ni ile ile. Ila njiani nitawataja wanawake walioifanya kazi hii kabla yetu, kwa sababu kila Jumamosi, barazani kwangu Temeke, msichana mgeni haachi kuniuliza: "Mwalimu, kwani hii si kazi ya wanaume?" Patasi inawatia hofu. Wamepita Mwenge, wamewaona wachongaji wa vinyago, karibu wote ni wanaume, basi wanaona kuchonga hakuwahusu. Jibu langu huwa refu, na napenda kulitoa mikono ikiwa kazini.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Unachonga ubao, unapaka wino sehemu zilizobaki juu, unalaza karatasi, unasugua, unabandua. Ubao mmoja unakupa nakala nyingi. Zipo njia nyingine: kuchora mistari kwenye bamba la shaba kwa chuma chenye ncha, kuila shaba kwa asidi, kuchora juu ya jiwe. Hizo zinahitaji mashine ya kugandamiza, na wengi wetu hatuna. Ubao unataka patasi, wino na mwiko.

Kule Ulaya kazi hii iligawanywa kwa karne nyingi. Mmoja alibuni picha, mwingine akachonga, mwingine akachapa, na mwenye duka akauza. Ukiona picha ya zamani ya namna hiyo, soma chini kabisa. Jina lenye invenit ni la aliyebuni, lenye sculpsit ni la aliyechonga, lenye excudit ni la mwenye nyumba ya uchapaji. Aliyetia rangi hana jina pale. Aliyeanika karatasi hana jina. Wanawake wengi walipotelea hapo, nao walikuwemo karakanani tangu mwanzo, wengi wakiwa mabinti, wake au wajane wa mafundi.

Ubao na vyuma

Vipande vya ubao vinapatikana Keko kwa mafundi wa samani, na mara nyingi ni vile walivyokwisha kuvitupa pembeni. Mimi huenda asubuhi, kabla kazi hazijawazidi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Naomba vipande vya MDF, hivyo mnavyotupa."

"Vya kufanyia nini tena mama?"

"Vya kuchapia picha. Nitakuletea moja uone."

Mpelekee kweli. Kijana niliyempelekea picha siku hizi ananitengea vipande vya milimita 6 vilivyonyooka, ambavyo havijanywa maji. MDF, ubao wa kiwandani ulioshindiliwa, ni nzuri kwa anayeanza kwa sababu haina nyuzi, patasi haiendi ilikotaka yenyewe. Ubaya wake ni vumbi, kwa hiyo funga pua kwa barakoa, na pia hunywa wino. Ipake vanishi nyepesi mara moja, iache ikauke hadi kesho yake. Plaiwudi inakubali, lakini mistari myembamba hubanduka. Mkangazi ni mtamu sana kuchonga ukishazoea. Mninga na mpingo waachie wenye vinyago.

Ukibahatika kupata lino, ichukue. Ni zulia gumu la sakafu alilolibuni Frederick Walton huko Uingereza katika miaka ya 1860, kwa mafuta ya kitani na unga wa gome la mti. Wasanii waliipenda kwa ulaini wake na bei yake. Elizabeth Catlett, mjukuu wa watu waliokuwa watumwa Marekani, alihamia Meksiko mwaka 1946 akajiunga na karakana ya Taller de Gráfica Popular, iliyochapa picha za bei ndogo ili mfanyakazi wa kawaida aweze kununua. Pale, mwaka 1946 na 1947, alitoa mfululizo wa picha 15 za lino kuhusu mwanamke mweusi wa Marekani: anayepiga deki, anayelima, anayesoma, anayepigania haki. Picha yake inayojulikana zaidi ni ya mwaka 1952, mama mkulima mwenye kofia pana ya majani na koti lililofungwa kwa pini. Itafute, uikuze, uitazame shingo na mashavu yake. Ngozi yote imejengwa kwa mikato midogo midogo inayofuata umbo la mfupa. Wasichana wangu huinakili hiyo kabla ya kuchonga uso wowote wa kwao, na sijaona somo la kuipita.

Patasi ndogo za seti zinauzwa kwenye baadhi ya maduka ya vifaa vya shule na sanaa. Kama mfuko hauruhusu, mwavuli uliokufa usiutupe. Mbavu zake za chuma zina mfereji kwa ndani. Kata kipande cha urefu wa kidole, noa ncha kwenye msasa wa maji namba 400 kisha 1000, malizia kwenye ngozi ya mkanda wa zamani, ukipachike kwenye mpini wa mti wa mpera. Chagua mwavuli wenye chuma kigumu, ule wa bati laini hupinda siku hiyo hiyo. Unataka vyuma viwili tu kuanzia: kimoja chenye mdomo wa V kwa mistari, kingine cha duara kwa kufagia sehemu kubwa.

Noa kila unapoanza. Patasi butu ndiyo inayokata vidole, maana unaisukuma kwa nguvu halafu inateleza.

Uchore nini

Chora unachokiona kila siku. Msichana akija na mawazo ya simba na Mlima Kilimanjaro namwambia hizo zimejaa madukani, kachore nyumbani kwenu. Geertruydt Roghman, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1625 katika familia ya wachongaji, alifanya hivyo hivyo. Mafundi wengi wa wakati ule waliwachonga wanawake kama mfano wa uvivu au tamaa. Yeye alitoa picha tano za wanawake wakifanya kazi za nyumbani, kushona, kusokota uzi, kupika, kusafisha vyombo, na alizibuni na kuzichonga mwenyewe. Mmoja wao ametugeuzia mgongo kabisa. Hatuoni uso, tunaona kitambaa kilivyovutika begani kwa jinsi anavyosugua chombo. Barazani kwangu kuna msichana aliyemchora mama lishe wa Mtaa wa Kongo kwa nyuma vile vile, kilemba na bega na mfuniko wa sufuria, na watu wa mtaani walimtambua kabla hajamaliza kuchonga.

Kama hujui uanzie wapi kupanga picha, tandika kanga sakafuni uichunguze. Ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, ina jina chini. Weka pindo kwenye ubao wako, weka jambo kubwa katikati, acha nafasi ya maneno. Mpango huo umepimwa na macho ya wanawake wa pwani kwa zaidi ya miaka 100, na wao ndio walioamua kipi kinunuliwe na kipi kibaki kwa mwenye duka.

Chora kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba. Kisha ilaze kifudifudi juu ya ubao na usugue mgongo wa karatasi kwa kijiko. Mchoro utahamia ukiwa umegeuka, na ndivyo unavyotakiwa, maana ukichapa utageuka tena ukae sawa. Ukichora moja kwa moja kwenye ubao, maneno yote yatasomeka kwa kioo tu. Kabla ya kuhamisha mchoro, paka ubao wino mwepesi uliozimuliwa ili kila mkato uonekane mweupe, na baada ya kuhamisha, jaza kwa kalamu ya maka sehemu zote zitakazobaki nyeusi. Hatua hii watu huiruka, halafu katikati ya kazi hawajui kipi kibaki na kipi kiondoke.

Kuchonga

Pigilia kipande cha mti ukingoni mwa ubao mwingine na utegemeze kazi yako hapo isikimbie. Mkono usioshika patasi ukae nyuma ya chuma daima. Sio pembeni, nyuma. Sukuma kwenda mbele, na ukitaka kupinda, zungusha ubao badala ya kuzungusha kiwiko.

Anza na mdomo wa V kuzunguka kila umbo. Mteremko wa mkato utoke kwenye mstari kwenda nje, ili mstari unaobaki uwe mpana chini na mwembamba juu. Ukichimba chini ya mstari, utakatika ukianza kusugua. Kisha chukua chuma cha duara ufagie. Usichimbe shimo refu, milimita 2 zinatosha, ila pale penye uwazi mkubwa ongeza kidogo, karatasi isije ikazama na kugusa wino. Alama chache zitakazobaki kwenye uwazi usizichukie, ndizo zinazoonyesha kwamba mkono ulipita.

Jambo gumu kwa wanafunzi wangu ni kuacha weusi. Wanachonga mno, picha inabaki mifupa. Hapo nawatolea picha za Mjerumani Käthe Kollwitz. Aliishi Berlin, mume wake akiwa daktari wa watu maskini, na kwa miaka mingi alifanya kazi kwa asidi na kwa jiwe. Mwaka 1914 mwanawe Peter aliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza, vita ikiwa haijamaliza hata miezi mitatu. Alihangaika miaka mingi kutafuta namna ya kulisema jambo lile. Mwaka 1920 aliona picha za ubao za msanii mwenzake Ernst Barlach, akaona kwamba ubao ndio utakaolibeba, na mwaka 1921 na 1922 akachonga picha saba kuhusu vita. Katika ile ya akina mama, wanawake wamekumbatiana wakawa fungu moja jeusi. Kilichochongwa ni nyuso, mikono, na watoto wanaochungulia. Basi. Kila mnachokiona cheupe pale alikitoa kwa sababu hakikuweza kubaki kimefichwa. Mimi nimewahi kuzika, na ninapoitazama picha ile sihitaji maelezo ya mtu. Kollwitz alichaguliwa kuingia Chuo cha Sanaa cha Prussia, kule Berlin, mwaka 1919, na mwaka 1933 watawala wa Kinazi walimlazimisha kujiuzulu.

Kama kinachokuzuia ni umri, mjue Coex'ae Qgam wa D'Kar, Botswana. Mradi wa sanaa wa Kuru ulipoanza pale kwa ajili ya Wasan, wenyeji wa Kalahari, mwaka 1990, yeye alikuwa na zaidi ya miaka 50. Akashika brashi na patasi, na picha zake za lino za mimea na wanyama wa Kalahari zikasafiri nchi nyingi.

Na hapa kwetu? Nyumba ya Sanaa ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na mtawa wa shirika la Kikatoliki la Maryknoll, Sista Jean Pruitt, na humo ndani kulikuwa na karakana ya picha za kuchongwa kwa asidi. Majina tunayoyakumbuka ni ya wanaume, Lilanga, Malaba, Ntila, na wanastahili kukumbukwa. Lakini mlango uliowapokea ulifunguliwa na mwanamke. Siku hizi ukitaka kuona wasanii wakiwa kazini, nenda Nafasi Art Space, Mikocheni. Tazama mikono yao, na usiogope kuuliza.

Wino, mwiko, karatasi

Wino wa ofseti mweusi, ule wa mafuta, unauzwa kwa makopo. Kopo la kilo 1 litakukalisha muda mrefu mno, kwa hiyo nunueni wawili watatu mgawane. Omba kwa fundi vioo kipande cha kioo, zungushia kingo zake utepe wa karatasi wenye gundi. Weka wino kiasi cha ncha ya kijiko, tandaza kwa rola mpaka usikie sauti ya mafuta yanayokaangia dagaa kwa moto mdogo. Kama rola inanyamaza, wino ni mchache. Kama inanata na kuvuta, umezidisha. Paka ubao tabaka nyembamba mara kadhaa.

Laza karatasi, ishike kwa kiganja kimoja, sugua kwa mgongo wa mwiko kutoka katikati kwenda nje, kwa mizunguko midogo. Karatasi nyembamba laini hushika wino vizuri kuliko manila nene. Karatasi ya gazeti tumia kwa majaribio tu, hugeuka njano. Inua kona moja uchungulie, kona nyingine zikiwa zimeshikwa, palipofifia rudia kusugua. Nakala ya kwanza karibu kila mara huwa na mabaka, ubao bado una kiu. Nakala ya tatu au ya nne ndiyo utaanza kuiamini.

Anika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba, ndani ya nyumba. Kiangazi siku mbili tatu zinatosha. Wakati wa masika subiri hata wiki, na usibebanishe picha kwa kuwa zinaonekana kavu, gusa kwanza pembeni kwa kidole. Rola na kioo visafishe kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, kisha sabuni. Mafuta ya taa yanasafisha pia, lakini sitaki watoto wavute harufu yake.

Ukitaka rangi, ngoja wino ukauke kabisa ndipo upake rangi ya maji kwa brashi. Kampuni ya Currier & Ives ya New York iliuza picha za jiwe zilizotiwa rangi kwa mkono Marekani nzima katika karne ya 19. Waliozitia rangi ni wanawake waliokaa kwenye meza ndefu, kila mmoja na rangi yake, huyu bluu ya anga, huyu majani, picha ikipita mkono hadi mkono. Hakuna hata mmoja aliyeandikwa chini ya picha. Mchoraji wao mmojawapo mkubwa alikuwa Fanny Palmer, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1812, aliyewachorea picha zipatazo 200 na kuilisha familia kwa kazi hiyo. Zake nyingine zilitoka bila jina lake pia.

Jina

Diana wa Mantua, Italia, binti wa mchongaji, alijifunza shaba kwa baba yake. Giorgio Vasari, mwandishi wa habari za maisha ya wasanii, alimtembelea mwaka 1566 na kumsifu kwa maandishi. Mwaka 1575 alihamia Roma na mumewe msanifu majengo, na mwaka huo huo akapata kwa Papa Gregory XIII haki ya kuchapa na kuuza kazi zake, mtu mwingine asiruhusiwe kuzinakili. Aliandika Diana waziwazi kwenye picha, pamoja na mji wake. Alifahamu kwamba bamba lisilo na jina ni mali ya atakayelishika.

Mfananishe na Volcxken Diericx wa Antwerp. Yeye na mumewe Hieronymus Cock waliendesha nyumba ya uchapaji iliyouza picha za mchoraji Bruegel. Mume alifariki mwaka 1570, naye akaiendesha mwenyewe miaka 30, hadi kifo chake mwaka 1600. Na kitabu cha picha za wachoraji kilichotoka pale mwaka 1572 kimeandikwa kwamba kimechapwa kwa mjane wa Hieronymus Cock. Jina lake halimo. Miaka 30 ya kusimamia mafundi, shaba, karatasi na madeni, na mnunuzi alisoma jina la marehemu.

Tusidhani mambo haya yamepita. Mteja mmoja hapa mjini aliagiza kadi za picha za wasichana wangu, akafurahi, akasema atachukua zote ila majina yafutwe ili zionekane safi. Nilimrudishia malipo ya awali. Wazazi wawili walinikasirikia, na niliwaelewa, hela ilikuwa ya kweli. Bado ningefanya vile vile.

Basi fanya hivi. Picha ikikauka, chukua penseli, isiwe kalamu ya wino, kwa sababu penseli haififii wala haichuji. Chini ya picha upande wa kushoto andika namba, 1/20, 2/20, yaani nakala ya ngapi kati ya ngapi. Katikati andika kichwa cha picha. Kulia andika jina lako kamili na mwaka. Jina lako, sio "Mama Fulani", sio jina la kikundi peke yake. Kama mlichonga wawili, andikeni wawili. Kama dada yako alitia rangi, mwandike nyuma kwamba alitia rangi. Ukisema nakala ni 20 ziwe 20, usiongeze kwa siri mteja akitokea. Nakala mbili tatu unaweza kujiwekea nje ya hesabu, ziandike kuwa ni za fundi.

Kwa sheria yetu ya mwaka 1999 hakimiliki ni yako tangu ulipoitengeneza kazi, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku mtu akiiweka picha yako kwenye fulana zake. Piga picha ubao, mchoro wa kwanza na nakala iliyosainiwa, uende nazo.

Uwe na daftari. Kila ukurasa picha moja: tarehe ya kuchonga, aina ya ubao, wino, idadi ya nakala, nani alinunua namba ipi na kwa bei gani. Ubao wenyewe ufute kwa mafuta, uufunge kwenye gazeti, uandike nyuma yake jina lako na namba ya ukurasa wa daftari, kisha uuweke juu ya kabati. Usiuweke sakafuni. Mchwa wa Dar hawachagui.